Nilivyowarudisha dagaa kwenye skrini

Ghala ninalolitunzia kompyuta liko jirani na soko la samaki la Mwaloni, Kirumba, jijini Mwanza, na hesabu zake za dagaa na sangara bado zimo ndani ya seva kuukuu, kompyuta kuu inayoendeshwa na mfumo wa Unix. Tunaifikia kwa Kermit, programu iliyozaliwa Chuo Kikuu cha Columbia mwaka 1981, ambayo hapa hujifanya terminali ya VT100, mtambo wa skrini na kibodi wa mwaka 1978 wa kuongea na kompyuta ya mbali.

Kosa, nakiri, lilikuwa langu. Nikitafuta mipangilio ya printa, niliiamuru seva inionyeshe faili lisilo la maandishi. Kengele ikalia mara tatu nne, na herufi ndogo zote zikageuka michoro. Herufi kubwa hazikuguswa, hivyo SANGARA alisomeka vizuri, lakini neno "dagaa" lilikuwa CR ndogo zilizobanana, kipande cha drafti, alama ya kujumlisha juu ya kutoa, kisha drafti mbili.

Mama mwenye ghala akasogeza miwani. "Fundi, dagaa wangu umewapeleka wapi?"

Fundi mwenzangu niliyempigia simu alinishauri nizime seva, ushauri ambao bado unaniudhi, kwa kuwa makarani wawili walikuwa katikati ya kuingiza mizigo. Hata kukata laini yangu peke yake kungeua hesabu ya mwisho wa mwezi niliyokuwa nimeianzisha.

Nilijua kwamba ndani ya faili lile mlikuwamo alama ya amri namba 14, inayoihamishia terminali kwenye seti ya pili ya herufi, ambayo programu ya ghala huijaza mistari ya kuchorea majedwali. Dawa yake ni namba 15, yaani Ctrl na O. Nikabonyeza kwa madaha mbele ya watu wote, na skrini ikanijibu kwa kikofia na herufi O tu (^O). Nilibonyeza tena, kana kwamba mara ya kwanza haikunisikia. Ndipo nilipokumbuka kwamba kibodi haizungumzi na skrini: kila ninachobonyeza huenda kwanza kwa seva, na seva ilikuwa ikinirudishia picha ya alama badala ya alama yenyewe.

Basi nikaandika "echo", amri ya kuiambia seva inirudishie kwenye skrini kile ninachokiandika, bila kuona ninachoandika, nikaacha nafasi, nikabonyeza Ctrl na V, inayoiambia seva ichukue kinachofuata kama kilivyo, halafu Ctrl na O, halafu Enter. Mstari uliofuata ulisomeka. Michoro ya juu haikubadilika, lakini nilipoifungua orodha upya, dagaa walikuwa dagaa. Nililipwa elfu thelathini na kitu, pamoja na sado moja ya dagaa, na sikuulizwa nani aliyeharibu.

Tangu siku hiyo naitwa hata kwa matatizo madogo. Juzi karani mgeni alibonyeza Ctrl na S akidhani anahifadhi kazi, skrini ikaganda, naye akaendelea kugongagonga vitufe kwa hasira. Ctrl na Q iliifungua mara moja, ila vitufe vyote alivyogonga vilikuwa vimefika kwa seva, na gunia moja la dagaa likasomeka lina uzito wa kilo 7777.