Nilivyoipata rangi ya Dodoma kwenye udongo wake

Wachora mandhari ninaowafahamu hapa Dodoma wengi hawakupita chuo cha sanaa. Tuliingia kwa mlango wa vibao: majina ya maduka, bei za chipsi ukutani. Kazi hiyo inatengeneza mkono, maana unajifunza kuvuta mstari bila rula na kujaza herufi bila kuvuka ukingo. Inaacha pia kasoro mbili: mazoea ya kuzungushia kila kitu mstari mweusi, na kuitegemea rangi ya mafuta ya dukani. Edward Saidi Tingatinga alianzisha mtindo wake Dar es Salaam mwishoni mwa miaka ya 1960 kwa rangi ya aina hiyo juu ya hadibodi (ubao mwembamba), na kwa wanyama na ndege ilifaa sana kwa sababu inang'aa. Vumbi la Dodoma haling'ai. Nyekundu ya kopo, hata uitie nyeusi kiasi gani, inabaki nyekundu ya geti.

Kwa hiyo nilihamia kwenye udongo wenyewe. Si uvumbuzi. Michoro mingi ya miambani ya Kolo, Kondoa, iliyoingizwa kwenye Urithi wa Dunia mwaka 2006, ni ya wekundu huohuo unaotokana na kutu ya chuma, na kutu haipaushwi na jua kirahisi.

Udongo ninachukua kwenye ukingo wa korongo, chini ya tabaka lenye mizizi. Kilo 1 naianika, naitwanga kinuni, naichekecha, kisha naimwaga kwenye ndoo yenye lita 5 za maji. Nakoroga, nasubiri dakika 1 mchanga uzame, halafu yale maji mekundu nayamimina kwenye ndoo ya pili kupitia kitambaa chepesi. Yakilala usiku kucha, asubuhi juu kuna maji safi na chini kuna uji laini kama wa mtoto. Namwaga maji, naongeza mengine, narudia mara 2. Usiruke hatua hiyo: inaondoa chumvi. Udongo wa kando ya mbuga (kinamasi) ya Bahi ndio msumbufu zaidi. Usipooshwa, picha huota unga mweupe wa chumvi baada ya wiki kadhaa na mteja atadhani ni ukungu. Uji ukikauka kwenye sinia, nausaga tena kwa chupa juu ya kioo.

Kishikizo, yaani kinachoshikisha udongo kwenye kitambaa, ni gundi nyeupe ya maseremala. Naanza na vijiko 3 vya udongo, 1 cha gundi na 1 cha maji, ila kila udongo una kiu yake, kwa hiyo najaribu kwanza kwenye kipande. Kikikauka nakisugua kwa kitambaa cheupe: wekundu ukitoka, gundi haitoshi, rangi ikimetameta kama plastiki, imezidi. Udongo mweusi wa mbuga niliuacha. Unanywea ukikauka na kupasuka kwenye picha vilevile unavyopasuka shambani.

Nachora juu ya marekani, kitambaa cha pamba. Lazima ifuliwe kwa maji ya moto kwanza, itoke wanga na iishe kuruka, yaani kupungua. Ukiiwamba kwenye fremu ikiwa mpya, italegea au kuvuta fremu ipinde. Kuwamba naanza katikati ya kila upande, nikielekea pembeni. Kisha matabaka 2 ya rangi nyeupe ya maji ya ukutani iliyotiwa gundi kidogo, na msasa laini kati ya tabaka na tabaka.

Wakati wa kuchora ndio ulionisumbua zaidi. Mwanzoni mwa Oktoba na mwanzoni mwa Machi jua hapa linapita utosini, na kwa kuwa tuko magharibi kwenye ukanda wetu wa saa, linafika juu kama saa 6 na nusu mchana. Saa hizo mlima Mlimwa hauna kivuli, ni kama katoni iliyokatwa. Nafanya kazi saa 1 hadi 3 asubuhi, au kuanzia saa 10 na nusu jioni. Kiangazi rangi hukauka kwenye brashi kabla haijafika kitambaani, hivyo sahani ya rangi inakaa juu ya tambara lenye maji, na nachanganya kidogo kidogo. Upepo ukileta vumbi kwenye rangi mbichi, usilifute. Subiri likauke, ulipanguse kwa brashi kavu.

Mbuyu ndio unaomfichua mgeni: ataupaka kahawia. Utazame jioni wakati hauna majani. Gome ni kijivu chenye zambarau kwa mbali, upande wa jua una waridi hafifu, na kahawia iko kwenye mikunjo tu, pale matawi yanapoanzia. Nachanganya nyeupe vijiko 3, udongo nusu kijiko na bluu ncha ya kisu. Milima ya mbali, kama Chenene, inapata mchanganyiko huohuo ukiwa na nyeupe zaidi, kwa sababu kiangazi vumbi hewani huipausha kuliko kuitia ubuluu. Ukiona imejitokeza mbele ya mibuyu, umeacha ukingo mkali. Lainisha kwa brashi yenye maji kabla haijakauka.

Picha iliyokauka sipaki vanishi ya kung'aa, maana inaurudisha ule mwonekano wa kibao cha duka. Ya kusafirisha naiviringisha upande uliochorwa ukiwa nje, juu ya bomba nene. Ukiviringisha kwa ndani, tabaka la udongo linabanwa na kuachia vipande.