Majina Yako Upande Gani

Jumapili jioni mwanangu alinijia na daftari la shule. Amebandika picha ya sanamu ya Askari ya Dar es Salaam, kaikata kwenye gazeti. "Baba, huyu askari anaitwa nani?" Nikamwambia si mtu mmoja, ni askari tu, anawasimamia wengi. Hakuridhika. "Kila mtu ana jina," akasema, akarudi kupaka rangi. Mimi nikawa nimeshafika Kisutu, mwaka 2004, nimemshika bibi mkono.

Tulitoka Mahenge kwa ajili ya macho yake. Mtoto wa jicho alikuwa ameziba yote mawili, na kliniki ilitupangia siku ya nne tangu tufike. Baba mdogo alitaka tulale kwake Mbagala. Bibi akakataa katakata: anataka kulala mjini katikati, mahali ambapo kila kitu kinafikika kwa miguu, kwa sababu daladala zinamzungusha kichwa. Ndipo tukapata gesti Kisutu, ghorofa ya pili, kitanda kimoja na mkeka wangu chini.

Alikuwa haoni zaidi ya vivuli, lakini siku ya pili tu alikuwa ameushika mji kuliko mimi. Adhana ya alfajiri alijua inatoka upande gani, kengele za hekalu la Wahindu upande gani. Tukishuka ngazi ananiambia, "Kulia, mume wangu, huko ndiko wanakokaanga sambusa." Tulikwenda Feri kabla jua halijakali, akasimama akavuta ile harufu ya samaki na mafuta ya pantoni za Kigamboni, akauliza mto huu una upana gani. Nikamwambia si mto, bibi, ni bahari. Tulipumzika kivulini mwa kanisa la Azania Front. Tukaingia Bustani ya Mimea, tausi akalia karibu yetu bibi akanibana mkono hadi kucha zikaingia. Makumbusho hatukuingia. Alisema vitu vya kwenye kioo si vya mtu asiyeona.

Mahali alipopapenda hasa pako nyuma ya Mtaa wa Jamhuri, kijibaraza chini ya roshani ya nyumba ya zamani, palipokuwa na mafundi cherehani wawili na mzee wa kahawa. Sidhani kama kuna mgeni anayeelekezwa pale. Bibi alikaa, akapewa kikombe na kashata, akauliza swali alilokuwa nalo tangu Mahenge.

"Bismini ni wapi?"

Nilikuwa nimeshamuuliza mlinzi wa gesti na dereva wa teksi, hakuna aliyelijua jina hilo. Mzee wa kahawa akaacha kugonganisha vikombe. "Shikamoo mama," akasema, ingawa mwenyewe mvi tupu. "Miaka mingi sijasikia mtu akipaita hivyo. Ni pale Askari, kwenye kipilefti cha Samora."

Baadaye sana ndipo nilipojua kwamba Bismini ni Wissmann, gavana wa Kijerumani. Sanamu yake ndiyo iliyosimama pale kwanza. Waingereza walipouteka mji mwaka 1916 wakaing'oa, na mwaka 1927 wakamweka huyu askari wa shaba. Jina la Mjerumani likabaki vinywani mwa watu miaka na miaka, mwenyewe hayupo. Jambo hili linaniuma hadi leo, na nitakueleza kwa nini.

Kaka mkubwa wa baba yake bibi alichukuliwa kubeba mizigo wakati wa Vita Kuu ya Kwanza. Kwa wanaojua nchi ile haihitaji maelezo: mbung'o waliwamaliza farasi na punda, basi risasi, unga, hadi vipande vya mizinga vilipanda vichwani mwa watu. Walikufa kwa makumi ya maelfu, wengi kwa njaa na kuhara damu, si kwa risasi. Wa kwetu hakurudi. Hakuna aliyeleta habari, hakuna kaburi. Baba yake bibi aliambiwa na mtu aliyewahi kufika Dar es Salaam kwamba wapagazi wamewekewa ukumbusho Bismini, naye akamwachia bintiye neno: ukifika Pwani, fika pale.

Tulikwenda Jumapili alfajiri, magari hayajaanza. Kutoka Kisutu si mbali, lakini kwa mwendo wa bibi ilichukua nusu saa. Barabara ilikuwa imelowa, usiku kulinyesha. Mama mmoja mwenye kizibao alikuwa anafagia ukingo wa barabara, na ule mfagio wa chelewa ulisikika mtaa mzima. Tukavuka hadi katikati ya kipilefti. Nikamweleza bibi ninachokiona: askari ameinama mbele kidogo, bunduki mikononi, singe imeelekea bandarini.

"Ana mzigo?"

"Hana, bibi. Ana bunduki."

Akanyamaza. Akaniambia nisome. Maandishi yako kwa Kiingereza na kwa Kiswahili, na Kiswahili chenyewe kwa herufi hizi zetu na kwa herufi za Kiarabu. Nikasoma ya Kiswahili kwa sauti. Yanawakumbuka askari waliopigana, kisha yanawataja wapagazi, kwamba walikuwa miguu na mikono ya jeshi. Hapo akanishika bega. "Rudia hapo." Nikarudia. Akawa anatikisa kichwa taratibu, kama mtu anayehesabu. Nikamalizia: kwamba mkiipigania nchi yenu, hata mkifa, wana wenu watayakumbuka majina yenu.

"Vizuri," akasema. "Sasa majina yako upande gani?"

Nilikuwa na miaka kumi na tisa. Nilizunguka jiwe lile pande zote nne, nikazunguka tena, nikijua tangu mzunguko wa kwanza kwamba hakuna jina. Nilikuwa naogopa kurudi mbele yake. Nikasema, "Bibi, hayakuandikwa."

Hakulia. Alinyoosha mkono hadi kiganja kikagusa jiwe, akafanya ishara ya msalaba kwa mkono mwingine. Kisha akafungua fundo la khanga. Sikujua alikuwa amebeba unga kutoka nyumbani. Akaunyunyiza kidogo chini, na akamwita baba yake mkubwa yule kwa jina lake na jina la baba yake, kwa sauti kubwa, mara tatu, sauti ikipanda mwishoni kama unavyomwita mtu aliye ng'ambo ya bonde. Mfagio ukanyamaza. Mama mwenye kizibao akasimama ameushika kifuani, akasubiri hadi bibi alipomaliza.

Njiani kurudi nilimuuliza bibi kama mzee huyo alibebea Waingereza. Alisema wazee walisema Wazungu, basi. Nimeliwaza sana hilo. Wajerumani walikuwa Mahenge hadi Wabelgiji walipoingia Oktoba 1917, kwa hiyo huenda mtu wetu alibeba mizigo ya upande ule unaoelekezewa singe, na maneno ya kwenye jiwe hayamhusu kabisa. Bibi sikumwambia.

Upasuaji ulikwenda salama. Siku bandeji ilipotolewa alinitazama muda mrefu, akasema nimekonda. Tulikuwa na saa kadhaa kabla ya kwenda Ubungo kulala karibu na mabasi, nikamwambia twende tena Askari, safari hii akamwone kwa macho yake. "Nilishamwona," akasema, na akaomba kahawa.

Mwanangu amenisikiliza yote haya rangi ikiwa imekauka kwenye brashi. Kisha akauliza, kama ilivyo haki yake: "Na babu huyo, bibi alimwita nani?"

Nikafungua kinywa. Nakumbuka barabara iliyolowa, unga mweupe juu ya saruji, yule mama na mfagio wake. Sauti ya bibi naisikia. Jina sina.

Bibi tulimzika 2011. Usiku wa Jumapili hiyo ya daftari nilimpigia simu shangazi, akanitajia jina moja kwa uhakika. Nikampigia baba mdogo, naye kwa uhakika uleule akanitajia jingine. Nimeyaandika yote mawili kwenye karatasi, nimeibandika kwenye mlango wa kabati. Kila asubuhi nayasoma kwa sauti, na hakuna hata moja linalopanda mwishoni kama lilivyopanda siku ile.