Meza ya Kukunja ya Chumba cha Kupanga: Ilipofikia Hadi Sasa

Chumba ni futi kumi kwa kumi. Kitanda cha tano kwa sita kimeshachukua karibu theluthi ya sakafu, kabati liko kwenye kona, mlango nao unafungukia ndani. Kimebaki kijia cha kupita na ukuta mmoja mtupu. Meza ya dukani ikiingia humu, mimi natoka. Kwa hiyo najenga ya kushikizwa ukutani: nikimaliza kazi naishusha inalala. Usiku itabeba kompyuta mpakato, na mwisho wa wiki redio na spika za majirani ninazozifungua kujifunza ufundi.

Vipimo

Urefu sentimita 110, upana 45, kimo 73. Kimo hakikunisumbua, maana meza nyingi za kuandikia ziko kati ya 72 na 75. Shughuli ilikuwa kwenye upana. Sentimita 60 ndiyo raha ya meza, ila hapa ingekutana na kitanda, na ubao ukishushwa ungebakiza sentimita 13 tu kufika sakafuni. Kwa 45 zinabaki 28: ufagio unapita, na maji ya kudeki hayaugusi.

Mbao

Wengi wanasifia paleti kwa sababu ni za bure au karibu na bure. Mimi nimeziacha. Kung'oa misumari yake ni kazi ya siku nzima, kisha lazima utafute muhuri: HT maana yake mbao zilitibiwa kwa joto, lakini MB ni kwamba zilifukizwa kwa gesi ya sumu ya methili bromidi, na hiyo siiweki ninapolala.

Nilikwenda Keko, hapa Dar, kwa mafundi wa samani, nikauliza mabaki. Kipande cha plaiwudi kilichobaki kwenye kazi ya mtu ni bei ya maelewano, na ukifika jioni fundi anataka nafasi yake kuliko anavyotaka hela. Nimepata cha milimita 18. Palikuwa na cha milimita 12, rahisi zaidi, lakini ugumu wa ubao dhidi ya kupinda huenda na unene mara tatu, yaani unene ukizidishwa kwa wenyewe mara tatu. Ukipiga hesabu, wa 18 ni mgumu zaidi ya mara tatu kuliko wa 12. Hapo sikubana matumizi.

Kwa mikono ya kuubeba ubao na kipande cha kukaza ukutani nimechukua papi, yaani mbao nyembamba za inchi mbili kwa mbili, za paini. Muuzaji alinisukumia zile za kijani zilizotiwa dawa, kwamba haziliwi na mchwa. Ni kweli, ila dawa hiyo mara nyingi ina shaba, kromu na aseniki. Paani sawa, kwenye meza ya kulia chipsi hapana, na mabaki yake usiyatie jikoni kuwashia moto.

Ukuta

Hapa ndipo penye siasa. Nilimwamkia mama mwenye nyumba, nikamweleza mwanzo mpaka mwisho. Akasikiliza, akaja kuutazama ukuta, akasema, "Matundu toboa mwanangu, ila ukihama nayakuta yamezibwa na rangi juu." Tumekubaliana.

Kabla ya drili nimeangalia soketi na swichi. Kwa kawaida waya hushuka wima kutoka darini, kwa hiyo mstari wote ulio juu na chini ya soketi siugusi. Biti ni ya kutobolea zege, milimita 8, na vile vijiti vya plastiki vinavyokaza skrubu ni vya milimita 8 pia. Nimevipeleka ndani mpaka vikavuka lipu na kukaa kwenye tofali, maana lipu peke yake inamomonyoka. Papi ya mlalo imekazwa, pima maji imekubali.

Mikono

Chini ya ubao kuna mikono miwili ya pembetatu inayofunguka kama lango na kurudi ukutani. Nimekagua pembe kwa ile tatu-nne-tano ya mafundi wa msingi: sentimita 18 upande huu, 24 upande ule, mshazari ukisoma 30 pembe iko sawa. Paini hupasuka karibu na ncha, kwa hiyo kila skrubu imetanguliwa na tundu jembamba, na gundi ya mbao katikati.

Jambo la kuangalia ni bawaba ya juu ya kila mkono. Ukiegemea meza, bawaba ya chini inasukumwa kuelekea ukutani, ya juu inavutwa itoke. Kwa hiyo skrubu ndefu zote zimekwenda juu. Nimekalia ukingo kwa uzito wangu wote na haijalia, ingawa jirani aliyekuwa mlangoni alijitenga kidogo.

Zilizobaki

Ubao upigwe msasa na kingo zifutwe makali. Kitasa kidogo cha kuushikilia ukiwa umeshushwa. Kipande cha taili kilichobaki kwenye ujenzi wa mtu nimeshakipata. Kitakaa pale ninapolaza chuma cha moto cha kuchomelea nyaya za redio kwa risasi, plaiwudi isiungue. Halafu vanishi, pande zote mbili, kwa sababu kwa unyevu wa Dar ubao uliopakwa juu tu hujikunja. Jumamosi naanza na upande wa chini.