Wimbi la Kelvin juu ya Mtwara

Ulikuwa msimu wa minada ya korosho, malori yamepanga foleni barabarani, na ndani ya darasa moja Mtwara mjini mimi na walimu wachache wa fizikia na jiografia tulikuwa tumeizunguka kompyuta mpakato. Kazi ya mchana ule ilikuwa kulitafuta wimbi la Kelvin, yaani mtikisiko mpana wa hewa unaosafiri kuelekea mashariki kando ya ikweta, katika stratosfia ya tropiki, tabaka la hewa lililo juu ya lile la mawingu na mvua.

Data zilikuwa za COSMIC-2, setilaiti 6 zilizorushwa Juni 2019. Hazipigi picha. Zinapokea mawimbi ya redio ya GPS yanayopinda yakipita angani, na kiasi cha kupinda ndicho kinachotoa msongamano wa hewa, kisha joto. Mwinamo wa njia zao dhidi ya ikweta ni nyuzi 24 tu, kwa hiyo vipimo vyao, zaidi ya 4,000 kwa siku, vinaangukia tropiki na kandokando yake. Tena vinapatikana saa zote. Setilaiti inayovuka ikweta saa ileile kila siku huchanganya wimbi na kupanda na kushuka kwa joto la mchana na usiku.

Kwanza tulizikata data. Intaneti ilikuwa ya kusuasua, basi tukabakiza kimo cha kilomita 15 hadi 25 tu. Hasara haikuwepo: katika tropiki, chini ya kilomita 10 hivi, joto linalokokotolewa kana kwamba hewa ni kavu hutoka la chini kuliko halisi, kwa sababu mvuke umepuuzwa; na juu ya kilomita 40 makosa yanayotokana na ionosfia, tabaka la juu la anga lenye chembe za umeme, hukua haraka.

Kisha ukanda wa nyuzi 10 Kaskazini hadi 10 Kusini uligawanywa masanduku 18, kila moja nyuzi 20 za longitudo. Wastani wa kila siku, toa wastani wa siku 30, chora longitudo dhidi ya siku. Kwenye kilomita 18 ikatokea mistari ya joto na baridi, nyuzijoto 2 hadi 3, ikilalia mashariki kadiri siku zilivyopita. Wimbi linaloizunguka dunia kwa siku 15 huenda nyuzi 24 za longitudo kwa siku. Kutoka longitudo ya Mtwara hadi Singapore ni chini ya siku 3.

Mchoro huo ulikuwa bado haujachujwa, na hapo ndipo wengi hukosea. Chujio, yaani hesabu inayobakiza mawimbi yaendayo mashariki tu, litakupa wimbi hata ukililisha takataka. Changanya mpangilio wa siku ovyo, chuja tena: yakibaki mawimbi yenye nguvu ileile, ni ya chujio. Yetu yalinywea.

Jaribio la pili, ambalo mimi naliamini zaidi, ni mlalo wa wimbi kadiri ya kimo. Wimbi la Kelvin linalopeleka nishati juu huonekana mahali pamoja likianzia juu na kushuka, takriban nusu kilomita kwa siku. Kwenye longitudo 40 Mashariki joto lilianza karibu na kilomita 22 na kuteremka hadi tropopozi, mpaka wa chini wa stratosfia.

"Sasa Mtwara iko wapi hapo?" mwalimu mmoja akauliza.

Swali zuri, maana mji uko 10°16' Kusini, nje kidogo ya ukanda wetu. Lindi inaugusa mpaka. Kwa nadharia, wimbi lenye kasi ya mita 25 kwa sekunde hufika latitudo ya Mtwara likiwa na takriban asilimia 55 ya ukubwa wake wa ikweta. Tukachukua nyuzi 9 hadi 12 Kusini. Vipimo vikawa haba, masanduku mengine matupu, ikabidi yapanuliwe hadi nyuzi 40 za longitudo. Bado yanatosha kwa wimbi lenye kilele kimoja tu kuizunguka dunia nzima. Kwa wimbi fupi zaidi, upana huo unaanza kulifuta. Mistari ilionekana, imefifia, na katikati yake kulikuwa na vipande vikielekea magharibi ambavyo havikuwa vya Kelvin hata kidogo.