Ninavyopima joto la ndani katika nyumba za mawe za Mji Mkongwe

Nyumba ya mawe ya Mji Mkongwe, Zanzibar, haipimiki kwa kipimajoto cha hewa peke yake. Kuta zake nene za matumbawe na chokaa hunyonya joto mchana, kisha hulitoa ndani saa kadhaa baadaye, wakati nje kumeshapoa. Ndiyo maana kila chumba nakipima hewa na unyevu kwa SHT31 (kihisi kidogo cha joto na unyevu), mionzi ya joto ya kuta, na kasi ya upepo, kila baada ya dakika 5, usiku na mchana.

Kwa mionzi natumia mpira wa tenisi ya mezani wa milimita 40 uliopakwa rangi nyeusi isiyong'aa, na DS18B20, kihisi cha joto, katikati. Chukua ile tupu ya miguu mitatu, kwa sababu yenye bomba la chuma ni ndefu kuliko mpira wenyewe. Tundu lizibe kwa silikoni. Hesabu ndipo wengi wanapokosea: fomula iliyozoeleka ya kupata joto la mionzi kutokana na joto la mpira, joto la hewa na kasi ya upepo, yenye kizidisho 2.5×10⁸, ni ya mpira wa milimita 150. Kwa huu mdogo weka 4.2×10⁸, la sivyo chumba chenye upepo kitaonyesha tofauti ya ukuta na hewa ikiwa ndogo kuliko ilivyo.

Kabla ya kufunga, DS18B20 naitumbukiza kwenye maji ya barafu iliyopondwa, isome 0. SHT31 naifungia kwenye kopo lisilopitisha hewa pamoja na chumvi ya mezani iliyoloweshwa kidogo, ikabaki uji mzito. Baada ya siku nzima isome unyevu wa karibu asilimia 75.

Daka, yaani kishubaka kilichochongwa ukutani, linavutia sana, maana kihisi hakionekani na hakimsumbui mtu. Usikiweke humo. Hewa imetuama na ukuta umekizunguka pande zote, hivyo utapima daka, si chumba. Kwa watu waliokaa vitini nakining'iniza kwa mshipi wa kuvulia samaki kutoka kwenye boriti hadi sentimita 60 juu ya sakafu. Ukuta wa chokaa sitoboi kabisa.

ESP32, kompyuta ndogo inayosoma vihisi, yenyewe hutoa joto, basi kihisi kiwe mbali nayo kwa waya wa sentimita 15 au zaidi, na ilale kati ya vipimo. Wi-Fi hufifia ikivuka kuta hizo mbili tatu. Kwa hiyo kadi ya microSD ya kuhifadhi vipimo iwepo daima, na betri kwa ajili ya umeme kukatika. Hewa ya chumvi hula viungo vya saketi: vipake vanishi, lakini uso wa SHT31 uache wazi.

Matokeo nayasoma kwa kanuni ya ASHRAE 55, kiwango cha Marekani cha joto linalowafaa watu ndani ya nyumba, ya majengo yanayopozwa kwa madirisha: wastani wa joto la nje mara 0.31, jumlisha 17.8. Nje ikiwa nyuzi 28 za Selsiasi, kitovu, yaani joto linalofaa zaidi, ni 26.5 na kikomo cha juu ni 30. Hicho ni kikomo cha wastani wa hewa na mionzi, si cha hewa pekee. Feni ikivuma mita 0.9 kwa sekunde, kikomo hupanda kwa 1.8. Wakati wa kaskazi ongezeko hilo ndilo linaloamua kama chumba kinakalika.