Siku 90 zikiisha

Hapa Bukavu, mashariki mwa Kongo, ukisema una ndugu aliyepelekwa Marekani na HCR, shirika la Umoja wa Mataifa la wakimbizi, watu wanaona ya kwake yamekwisha. Serikali ya kule itamlea, wanasema, wewe ngoja tu akutumie dola. Nimeambiwa hivyo sokoni Nyawera, parokiani, hata tukiwa kwenye foleni ya madumu ya maji. Naandika haya kwa sababu najua yaliyomkuta mdogo wangu baada ya ndege kutua, na najua waliomshika mkono. Walikuwa akina mama wa Mexico na Guatemala, na baadhi yao wenyewe hawana hata karatasi za kuishi kule.

Sisi ni watu wa Fizi. Vita vya 1996 vilitutawanya: yeye na mama walivuka Ziwa Tanganyika hadi Kigoma, mimi nilibaki na shangazi, baadaye nikaolewa hapa Bukavu. Mdogo wangu alikulia kambi ya wakimbizi ya Nyarugusu, Tanzania, akazaa huko, na ni kutoka huko alipelekwa Tucson, mji wa jangwa katika jimbo la Arizona, mwendo wa kama saa moja kwa gari kutoka mpaka wa Mexico. Ananitumia sauti kwa WhatsApp akitoka kazini. Kwao ni jioni, kwetu ni usiku wa manane, kwa hiyo nazisikiliza asubuhi nikiwasha makaa.

Kabla serikali kuu haijasimamisha mapokezi ya wakimbizi Januari 2025, shirika linalowapokea lilikuwa linapewa fedha za siku 90 za kwanza. Katika siku hizo wanakutafutia nyumba, vitanda na sufuria, wanakupeleka kuomba kadi ya Social Security, ile ya namba inayotakiwa ukiajiriwa, wanaandikisha watoto shuleni, wanahakikisha umepimwa afya. Ni kazi nzuri na siidharau. Ila tiketi za ndege ni mkopo, unaanza kuulipa kidogo kidogo miezi michache baada ya kufika. Na siku 90 zikipita, yule kijana wa shirika aliyekuwa anakuja na gari anakuwa tayari na familia nyingine iliyoshuka juzi. Mdogo wangu alibaki na watoto wanne, kazi ya kufua mashuka ya hoteli, na rundo la barua ambazo hakuwa na wa kumsomea.

Jirani yake wa mlango wa pili ni mama wa Sonora, jimbo la Mexico linalopakana na Arizona. Ni mtu mzima, ana wajukuu, na watoto wa mdogo wangu wanamwita Nana kama wajukuu wake wanavyomwita. Huyu mama ni promotora. Kwetu angekuwa RECO, bila tofauti: mama wa mtaa aliyefundishwa mambo ya afya, anayezunguka nyumba kwa nyumba kwa watu wa hali yake. Arizona kazi hiyo ina mizizi ya zamani. Mwishoni mwa miaka ya 1980, kule kaunti ya Yuma, wanawake wa familia za vibarua wa mashamba walifundishwa kuwafuata wenzao wajawazito waliokuwa hawaendi kliniki mpaka uchungu uanze.

Mimi mwenyewe ni RECO, ndiyo maana nilitaka kujua kila kitu: aliingiaje, alikaa wapi, aliuliza nini kwanza. Mdogo wangu akanieleza. Mama yule hakuja na fomu. Alikaa, akapokea chai, akacheza na mtoto mdogo. Kisha macho yake yakaenda kwenye chupa ya dawa ya maji juu ya friji, dawa ya sikio la mtoto. Mdogo wangu alikuwa ameacha kuitoa homa iliposhuka. Kiingereza chao wote wawili kilikuwa cha kuokoteza, basi Nana akachukua kalamu, akabandika kipande cha plasta kwenye chupa, akachora jua na mwezi: kijiko asubuhi, kijiko usiku. Akaonyesha kwa vidole siku zilizobaki. Akaitikisa chupa mbele yake, akaifungua friji na kuiweka ndani, sio juu. Yote hayo kwa dakika chache, na hakumfanya mwenzake ajione mjinga. Nimefanya kazi hii miaka mingi na nasema wazi kwamba huo ndio ufundi wenyewe. Bango la chanjo ukutani haliwezi kukufanyia hivyo.

Jambo la pili alilomrekebishia ni la mkalimani. Mdogo wangu alikuwa anaenda kliniki na kijana wake wa darasa la tano ili amtafsirie. Mtoto wa kiume, anasimama mbele ya daktari, anatafuta maneno ya kusema mama yake anatokwa na damu. Nana alikasirika sana, na alikuwa na haki. Sheria ya haki za raia ya 1964 inakataza mahali panapopokea fedha za serikali kuu kumbagua mtu kwa asili ya taifa lake, na tangu miaka ya 1970 mahakama zinaona lugha kuwa sehemu ya jambo hilo. Kwa hiyo kliniki ya namna hiyo inaita mkalimani kwa simu, wa Kiswahili pia, na mgonjwa halipi. Oda ya rais ya mwaka 2000 iliyolitilia mkazo ilifutwa Machi 2025, siku Kiingereza kilipotangazwa lugha rasmi, lakini sheria ya 1964 iko palepale. Mdogo wangu hakuyajua hayo hata kidogo. Nana alimfundisha sentensi moja ya kuomba mkalimani, akamrudisha mlangoni aiseme tena na tena mpaka ikatoka sawa.

Nilipoanza kuuliza watu hawa walitoa wapi mipango yao, nilikuta historia ndefu ambayo sikuitarajia. Mwaka 1894, Arizona ikiwa bado haijawa jimbo kamili, Wameksiko wa Tucson waliunda Alianza Hispano-Americana. Wanachama walichanga, na mmoja akiugua au akifa, familia inapata kitu na maiti inazikwa kwa heshima. Ilianzia hapo hapo Tucson ikasambaa miji mingi ya kusini-magharibi. Mwaka 1969 vijana wa Phoenix walianzisha Chicanos Por La Causa, shirika la Wamarekani wenye asili ya Mexico, mwaka uliofuata kliniki ya El Rio ikafunguliwa Tucson kwa ajili ya mitaa ambayo haikuwa na daktari wa karibu, na leo ni mtandao mkubwa wa vituo. Upande wa mashariki, Maryland, shirika la CASA lilizaliwa mwaka 1985 ndani ya kanisa, likipokea watu waliokimbia vita vya El Salvador na Guatemala. Waliokimbia vita! Nilipofika hapo niliacha kuwaza habari za watu wa mbali.

Tena walianza na mazishi, kama sisi. Nani hapa hajui MUSO? Kwa msomaji wa nje: ni chama cha akiba cha akina mama na akina baba wa mtaa, chenye masanduku matatu. La kijani ni la mikopo, la bluu ni la fedha zinazotoka nje, na jekundu ni la matatizo: ugonjwa, msiba, nyumba kubomolewa na mvua. Benki zilipofungwa hapa mjini Februari 2025 kwa ajili ya vita, na mawakala wa pesa za simu wakaanza kukata wanavyotaka, sanduku letu jekundu ndilo lililomtoa hospitalini mwenzetu aliyejifungua kwa kupasuliwa akashindwa kulipa. Alikuwa amezuiwa na mtoto wake mchanga mpaka deni liishe. Kule Marekani sheria ya 1986 inalazimisha hospitali zimtibu mwenye dharura bila kuuliza kwanza atalipa nini. Bili inamfuata nyumbani, na inatisha. Hapo tena Nana anajua: hospitali nyingi zina fomu ya kuomba kupunguziwa, lakini usipoiomba hakuna anayekuletea.

Likelemba, ule mchango wa kupeana kwa zamu, nayo wanayo, wanaiita tanda. Mdogo wangu aliingia katika ya wafanyakazi wenzake wa hoteli na zamu yake ilipofika akanunua gari kuukuu. Huko San Francisco kuna shirika, Mission Asset Fund, lililoanzishwa 2007, ambalo limeichukua tanda na kuiandika: mkopo usio na riba, kila malipo yanaripotiwa kwenye ofisi zinazoweka historia ya ulipaji wa mtu. Marekani bila historia hiyo kupata nyumba ya kupanga ni shida, mkopo ndiyo usiseme. Uaminifu ambao mama wa tanda alikuwa nao siku zote mbele ya wenzake sasa unaonekana hata kwa mwenye nyumba. Nimelisema hili katika mikutano yetu ya MUSO na nitaendelea kulisema: daftari zetu zina thamani, tuziandike vizuri.

Sasa lipo jambo linaloniuma. Mdogo wangu aliingia na hadhi ya mkimbizi, mwaka wa kwanza ukiisha anaomba kadi ya ukaaji wa kudumu. Nana wake ana karatasi, lakini wapo akina mama katika jengo hilo ambao wamefagia ofisi na kuchuma saladi miaka na miaka bila karatasi, na ambao hawana haki ya nusu ya misaada aliyoipata mgeni wa juzi. Watoto wao shule hawakatazwi, Mahakama Kuu iliamua hivyo mwaka 1982. Ila mama mwenyewe anaogopa. Arizona ilipitisha mwaka 2010 sheria iliyowataka polisi kukagua karatasi za mtu waliyemsimamisha na kumshuku, na mahakama ilipoifuta sehemu kubwa mwaka 2012 kipengele hicho kilibaki. Januari 2025 tena, serikali kuu iliondoa mwongozo uliokuwa unawazuia maofisa wa uhamiaji kukamata watu hospitalini, shuleni na makanisani.

Basi kazi ya akina Nana imebadilika. Siku hizi anakaa na mama mmoja mmoja mezani wanajaza karatasi: nisiporudi jioni, nani amchukue mtoto shuleni, dawa zake ziko wapi, cheti cha kuzaliwa kiko wapi, nani ana ruhusa ya kutia sahihi kwa daktari. Mdogo wangu aliombwa jina lake liandikwe kwenye karatasi ya jirani wa Honduras. Alikubali, na usiku huo alinitumia sauti akilia, maana alikumbuka mama yetu pwani ya ziwa akitukaririsha majina ya babu na ya kijiji, ili tukipotezana mtu ajue pa kutupeleka.

Hata konseli zao zinaingia katika kazi. Mexico ina konseli zaidi ya 50 Marekani, na ndani yake kuna dirisha la afya: unangoja pasipoti, unapimwa sukari na shinikizo la damu, unaambiwa kliniki gani inapokea asiye na bima. Ningependa siku moja ubalozi wetu ufanye hivyo kwa Wakongo waliotapakaa dunia nzima.

Lakini siandiki kuhusu mabalozi. Naandika kuhusu parsele zetu za hapa, viwanja tunamoishi. Familia zimekimbia vita zikaingia kwetu kutoka Kalehe, Kabare, Walungu, Shabunda, na wengi hawakukaa kambini, wamelala kwa ndugu, kwa rafiki, chumba kimoja watu kumi. Orodha zinaandikwa, jetoni za kupokelea msaada zinagawiwa, siku ya mgao picha zinapigwa. Kisha? Mimi nikipima mkono wa mtoto utepe ukaangukia kwenye nyekundu, chini ya milimita 115, dalili ya utapiamlo mkali, nampa mama karatasi aende kituo cha afya. Karatasi hizo nyingi hazifiki. Mama hajui njia, anaogopa ataombwa pesa, Kiswahili chake ni kidogo na anaona haya kusema Kitembo au Kirega mbele ya watu wa mji. Nikimsindikiza mwenyewe, anafika. Nikimwomba mama mwingine wa kwao aliyeingia mjini miaka ya nyuma amsindikize, anafika na anarudi tena juma linalofuata bila kukumbushwa.

Hilo tu ndilo ninalolidai kwa wenye mashirika na kwa wakubwa wa zone za afya: mlipeni mtu wa kusindikiza. RECO hana mshahara, anapata kitu kidogo kampeni ya polio ikija, kisha anarudi kuuza sambaza, wale samaki wadogo wa ziwa. Wachukueni kazini wale waliokimbia mapema, wanaojua kwa nini mama mgeni anajificha shefu wa avenyu, mkuu wa mtaa, anapopita. Na msihesabu kazi imekwisha siku ya mgao.

Sisi katika MUSO yetu hapa Panzi tumekubaliana hivi. Mama aliyekimbia vita anaingia bila kulipa sehemu ya kwanza kwa miezi mitatu, na sanduku jekundu linamhesabu tangu siku ya kwanza. Kila mmoja anapewa mwenzake wa lugha yake. Daftari la hilo ninalo mimi. Kama una familia ya wageni katika parsele yako, waje Jumapili baada ya misa ya pili, uani nyuma ya kanisa. Jetoni haihitajiki. Waje na kadi za chanjo za watoto. Kama zilipotea njiani, Jumatatu asubuhi tutakwenda pamoja kituoni kuandikisha nyingine.