Kozi ya takwimu ilivyonila muda, na nilivyoupata tena

Wiki ya 3 ya muhula nilikuwa na kurasa 61 za notisi za takwimu, zimepambwa kwa kalamu za rangi tatu, na sikuweza kumaliza hata swali moja la zoezi bila kuchungulia majibu. Nilikuwa nasoma sosholojia. Takwimu ilikuwa kozi ya lazima, huikwepi. Mihadhara miwili kwa wiki, semina moja, zoezi la kukusanywa kila Ijumaa, na majaribio mawili kabla ya mtihani. Na kozi nyingine nne zinakusubiri mlangoni.

Mhadhiri alikuwa analijua somo, hilo simnyimi. Shida ilikuwa mwendo. Slaidi inapita hujamaliza kunakili mstari wa pili, kisha anauliza, "Tuko pamoja?" Darasa zima linaitikia "Ndiyo!", nami nimo. Hakuna aliyekuwa pamoja na mtu.

Jaribio la kwanza nikapata 38. Hapo ndipo nilipoanza kuandika nyuma ya daftari kila saa niliyoitumia kwa kozi ile. Nilikuwa na hakika zoezi ndilo linalonimaliza. Kumbe wapi! Katika saa 11 za wiki nzima, 3 zilikuwa za darasani, 2 za zoezi (usiku wa Alhamisi, tena kwa kudesa), na 6 zote nilikuwa nahamisha notisi kutoka daftari chafu kwenda daftari safi. Nilikuwa mpiga chapa, si mwanafunzi.

Nikaacha kunakili. Siku ileile ya mhadhara nilikaa na karatasi tupu, daftari limefungwa, nikaandika ninachokumbuka, halafu nikajaribu swali moja tu la zoezi. Mara ya kwanza nilijaza mistari minne. Inauma, lakini angalau unajua ulipo. Rafiki yangu wa saikolojia alinicheka, akaniambia watafiti wawili wa saikolojia, Roediger na Karpicke, walishaonyesha hilo mwaka 2006: baada ya dakika 5, waliorudia kusoma ndio waliokumbuka zaidi, baada ya wiki, walioongoza ni waliojipima bila kuangalia. Ndiyo maana notisi zangu za rangi zilinidanganya: ukizisoma usiku huohuo unajiona bingwa.

Kilichonifungua macho hasa ni swali dogo. Kwa nini, tukipima mtawanyiko wa sampuli (yaani namba chache tulizochukua kutoka kundi kubwa zimesambaa kiasi gani kuuzunguka wastani wake), tunagawanya kwa idadi ya namba toa 1? Nilikuwa nimekariri tu. Msaidizi wa semina hakueleza. Aliandika 2, 4 na 9. Wastani ni 5. Akaniambia nitoe wastani kwenye kila namba: −3, −1, 4. "Jumlisha." Sifuri. Akaifuta ile 4, akaniuliza, "Hii nikiificha, utaijua?" Nitaijua, maana lazima jumla irudi sifuri. Basi namba ya tatu haina uhuru wowote, zilizo huru ni mbili. Ukizidisha kila tofauti kwa yenyewe unapata 9, 1 na 16, jumla 26, unagawanya kwa 2: 13. Dakika tano, na sikuwahi kulisahau. Tangu siku hiyo semina sikuikosa, hata pale nilipoukosa mhadhara wenyewe.

Lile daftari la saa lilifanya kazi nyingine nisiyoitarajia. Kiongozi wa darasa aliliona, akatuomba tisa tuandike kila mmoja muda wake wa zoezi kwa wiki mbili. Malalamiko ya "kazi ni nyingi" yalishapelekwa yakarudi mikono mitupu. Safari hii alikwenda na karatasi yenye saa. Mhadhiri alishangaa kweli. Alidhani zoezi ni la saa moja, wakati sisi tusiodesa lilitula saa nne hadi tano. Maswali yakashuka kutoka 10 hadi 6.

Jaribio la pili nilipata 64. Slaidi hazikupunguza mwendo hata kidogo.